Filamu ya Punda na Nafasi ya Kwanza

Simu iliingia Jumanne asubuhi nikiwa nasubiri chai ichemke. Aliyepiga ni mama mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha pale Kawangware, mtu ambaye hana mazoea ya kunipigia, kwa hiyo hata kabla hajasema neno nilishajua habari si njema. "Mwandishi, Dijei ametuacha," alisema. "Ni kile kifua. Alilala mchana apumzike kidogo, akakosa kuamka." Nikazima jiko nikaketi. Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba mwaka huu safu hii imegeuka kuwa ya kuzika watu, na nitasema bila kuficha, nimechoka. Nimefika umri ambao simu ya asubuhi naiangalia kwanza, naketi, ndipo naipokea. Lakini huyu hakuwa mkubwa wa mtu, hatatangazwa popote, na nisipomwandika mimi sioni mwingine atakayemwandika. Jina sitamtaja. Waliokaa kwenye mabenchi yake watamjua, na wengine jina halitawasaidia kitu.

Tulimwita Dijei kama tulivyowaita wote wenye kazi ile. Kwa vijana ambao filamu wanazitazama kwenye kiganja cha mkono, nieleze kidogo. Kulikuwa na banda la mabati, giza hata saa nane mchana, mabenchi ya mbao na televisheni moja juu ya meza. Filamu ilikuwa ya ng'ambo, watu wanasema lugha yao huko, na sisi hatuelewi hata salamu. Basi mtu mmoja alikaa kando ya televisheni na maiki, akapunguza sauti ya wenye filamu, akatusimulia yeye kwa Kiswahili chetu hiki cha Nairobi. Wa kwetu alianzia Gatwekera, Kibera, alikofika akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, na baadaye akahamia Kawangware kwenye chumba cha mama huyo aliyenipigia simu. Lugha za zile filamu hakujua hata moja, na wala hakujifanya anajua. Alisoma nyuso, mikono, namna mtu anavyofunga mlango. Akikwama alitia chumvi, na chumvi yake ilikuwa tamu kuliko mchuzi wenyewe.

Alipenda filamu za vita kuliko zote, na si za Kiingereza. Za Kiingereza alisema kila mtu anajidai anazielewa, wanaanza kumsahihisha. Alitaka zile za lugha za mbali, za milima na theluji na misitu, ambako banda zima lilikuwa gizani sawasawa, yeye akiwemo. Na filamu ya vita ilikuwa na desturi yake. Picha ikitokea tu, kabla hata jina la filamu halijaisha, banda lote liliuliza kwa sauti moja, "Wetu ni wagani?" Hakuna aliyeweza kutazama vita bila kujua ni akina nani wa kuwaombea. Dijei naye hakuharakisha. Aliinama karibu na kioo akatazama chini, miguuni mwa wanajeshi. "Angalieni viatu," alisema. "Hawa wenye viatu mbovu, hao ndio wetu." Banda likatulia, watu wakajiweka sawa kwenye benchi. Mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Soweto West, hukohuko Kibera, wakati wa mvua, akiwa ameosha viatu vyenye matope kwenye mtaro nje ya mlango, hakuhitaji maelezo zaidi.

Filamu ikiisha tulipanga ligi, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Hapo ndipo nilipofahamiana naye, maana miaka hiyo niliandika uhakiki wa filamu na nilidhani najua jambo fulani kuhusu mpangilio wake. Majina halisi hatukuweza kuyasoma, hivyo kila filamu ilipewa jina la kitu kimoja kilichokuwa ndani yake. Kulikuwa na Ya Theluji, Ya Kengele, Ya Mpishi na nyingine tele. Mimi niliipigania Ya Theluji. Ilipigwa picha vizuri mno, dakika nzima unaona pumzi tu ya mtu, na nilisimama katikati ya banda nikalisema hilo kwa maneno makubwa. Dijei alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. "Mwandishi, hiyo picha ni safi," akasema. "Lakini tangu ianze hakuna mtu amekula. Ni vita gani hiyo watu hawaulizi chakula?" Banda likacheka na Ya Theluji ikashuka daraja. Ya Kengele ilikuwa chini zaidi, kwa sababu mkuu wa jeshi alisimama dirishani akilia peke yake muda mrefu hadi watu wakatoka kununua mahindi choma na kurudi, na yeye bado yuko dirishani. Ya Mpishi ilikaa ya pili. Yule mpishi wa kambi alihamisha sufuria yake kila vita vilipohama, na alipouawa wenzake waligombana ni nani atakayekoroga. Niliibishia nafasi hiyo mwaka mzima, na sasa nikiifikiria naona ilistahili.

Nafasi ya kwanza ilikuwa ya filamu moja tu, Ya Punda. Hadithi yake, kama Dijei alivyotusimulia, ni hii. Kuna kijiji mlimani kina kisima, na kisima kinalindwa na wanaume wenye makoti mazuri. Hao ni maadui, wamekizingira kijiji, watoto wanalia njaa. Kijana mmoja mwanajeshi, viatu vimepasuka hadi vidole vinaonekana, anatumwa na wenzake ampeleke punda mwenye madebe mawili ya maziwa ya watoto. Anatembea mchana kutwa, anamsemesha punda, anamfunika kwa shati lake upepo ukivuma. Anafika karibu kabisa, anasimama kisimani ili punda anywe, na hapo wenye makoti wanampiga risasi. Kijijini hafiki. Filamu inaishia kwa punda amesimama, madebe bado mgongoni. Dijei alipofika hapo alizima maiki, kwa sababu sauti ilimkatika, na nawaambia nimewaona wanaume wa kubeba mawe ya mjengo wakitoka mle ndani wamejifunika uso kwa kofia.

Kati ya waliomlilia kijana huyo kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja, tuliyemwita Mama Samaki, alikaanga samaki Gatwekera, jirani wa Dijei wa tangu zamani, na banda lilipohamia Kawangware aliendelea kuja, kwa miguu, Jumapili baada ya kanisa, bado na kitambaa cha kanisa kichwani. Mwanawe wa kiume alitoka nyumbani asubuhi moja na kundi la vijana wenzake, ule mwaka wa fujo za uchaguzi. Msiniulize ni upi, nchi hii ina zaidi ya mmoja wa kuchagua. Hakurudi, na mwili haukuonekana. Hakuna aliyemwambia mama yule mwanawe alikuwa anaenda kufanya nini, na yeye hakuuliza. Mwanamke wa pili ndiye huyo mwenye ploti, mzaliwa wa Kawangware, ambaye vyumba vyake vya kupangisha vilichomwa msimu huohuo na vijana waliotoka ng'ambo ya bonde. Wawili hawa hawakuwa marafiki. Walisalimiana kwa kichwa, wakakaa benchi moja kwa sababu ndilo lililokuwa na mahali pa kuegemea, na wote wawili wakalia filamu ikifika kisimani. Mama Samaki aliwahi kuniambia, bila kunitazama, "Huyu kijana ni mtoto wangu kabisa. Hata vile anatembea." Nilikubali kwa kichwa.

Sasa, binti ya mwenye ploti ni muuguzi, mtu wa siku hizi. Siku moja aliiona filamu ileile kwenye simu yake, na chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza yanayofuata kila linalosemwa. Akaitazama hadi mwisho, akarudia, kisha akaenda kumtafuta Dijei bandani akamwonyesha. Wenye makoti mazuri walikuwa watu wa kijiji, waliokuwa wakilinda kisima na maghala yao. Madebe hayakuwa ya maziwa, yalikuwa ya petroli. Wenye viatu vibovu walikuwa wamekuja kukichoma kile kijiji usiku utakapoingia, na yule kijana alikuwa amebeba moto wenyewe. Kwa kuwa aliuawa kabla ya kufika, hakuna nyumba iliyoungua machoni petu, wala hatukuwa na njia ya kujua. Haya ni makosa ambayo ni mtu wa Gatwekera tu angeyafanya. Amewahi kuona wapi mtu mwenye vidole nje akiwa adui?

Dijei alikuja kwangu Riruta kesho yake, na hakuwa na kawaida ya kuja kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Mwandishi, nimechemka," akasema, yaani amekosea vibaya. Akanieleza yote. Nilimwambia filamu ziko nyingi, aiweke hiyo kabatini, apandishe Ya Mpishi na watu watazoea. Akatikisa kichwa. "Yule mama anatoka Gatwekera na miguu kuja kumuona huyu kijana. Ataniuliza iko wapi. Nimwambie imeharibika?" Nikamwambia ndiyo, amwambie imeharibika, kuna ubaya gani? "Na binti ya landilodi anajua," akasema. "Leo anajua yeye, kesho anajua mamake. Hiyo siku huyu mama akiambiwa na mtu mwingine, akiambiwa kwa hasira, itakuwa aje?" Alikuwa amekonda, kifua kikimkoroma tangu wakati huo, na niliona kwamba si cheo cha filamu kilichokuwa kimemkosesha usingizi. Aliogopa kumwondolea yule mama mtoto wake mara ya pili.

Jumapili iliyofuata nilienda Kawangware. Banda halikujaa, halikujaa tena kama zamani, lakini wanawake wale wawili walikuwepo kwenye benchi lao. Picha ilipotokea watu wakauliza kama kawaida, wetu ni wagani, na yeye hakuinama kutazama viatu. Alisimama. "Leo nataka kuwaambia kitu," akasema. "Hii filamu nimewadanganya miaka yote, na nilikuwa sijui nawadanganya. Hawa wa viatu mbovu si wetu. Nitaisema tena vile iko." Mtu mmoja nyuma akaguna kwamba hakuna haja. Dijei akaanza. Akaisimulia yote, na binti yule muuguzi amekaa karibu naye akimnong'oneza pale aliposahau. Nilikuwa naitazama picha ileile, mlima uleule, kijana yuleyule akimfunika punda kwa shati. Walipofika kisimani hakuzima maiki. Alisema, "Hapa wanakijiji wanampiga, kwa sababu anakuja kuwachoma." Halafu akaketi.

Wa kwanza kusema alikuwa mwenye ploti. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Kwa hivyo umenifanya nimlilie mtu wa kuchoma manyumba. Mimi, na mnajua vile nilichomewa." Dijei akasema, "Ndiyo, mama. Pole." Tukabaki tunamsubiri Mama Samaki bila kutaka kumtazama. Alikuwa amefungua kitambaa chake cha kichwa, amekishika mapajani, anakikunja na kukikunjua. Hakulia. Mwishowe akauliza, "Na hiyo petroli alipewa na nani?" Dijei akamtazama binti. Binti akasema haonyeshwi. Kuna redio ya jeshi mwanzoni, na mkubwa fulani anasema ndani ya redio, peleka madebe, basi. Uso wake hauonekani popote. "Hata jina hakuna?" mama akauliza. Hata jina. "Hiyo viatu yenyewe hakumnunulia," Mama Samaki akasema, "lakini petroli alipata." Mwenye ploti aligeuka akamtazama jirani yake wa benchi, nadhani kwa mara ya kwanza kwa macho kamili. Kisha akasema polepole, "Hata wale walinichomea, sijawahi kujua ni nani alinunulia hao vijana mafuta. Polisi waliniuliza kama nawajua waliochoma. Hiyo ingine hawakuniuliza." Wakaondoka pamoja. Niliwaona wakisimama kwenye kona ya barabara, wawili hao, wamesimama tu na kuzungumza, mmoja akiwa karibu na kwake na mwingine akiwa na safari ndefu mbele yake.

Tangu siku hiyo ligi ilibadilika. Dijei aliondoa Ya Punda juu, na watu walipomuuliza ni ipi sasa iliyo ya kwanza akasema hakuna, nafasi iko wazi. Kipimo chake kikawa kimoja tu, je, filamu inatuonyesha aliyewatuma? Si sauti yake. Yeye mwenyewe, anapokula, anapovaa koti, anapoamua. Tulitazama filamu nyingi kwa jicho hilo, mimi na yeye, hata pale wateja walipopungua kiasi cha kubaki sisi na mvua juu ya mabati. Tulitazama za lugha ambazo sitazijua hadi naingia kaburini. Zipo zilizokaribia. Ipo moja ambayo jenerali anaonekana akichagua soksi wakati vijana wake wanavuka mto, na hiyo tuliipa nafasi ya tatu baada ya ubishi mrefu. Lakini ya kwanza hatukuipata. Na watu wakiuliza wetu ni wagani, alijibu, "Ngojeni kwanza tuone." Wengi hawakuipenda hali hiyo. Nilisikia kijana mmoja akilalamika kwamba afadhali kutazama kwenye simu, ambako huambiwi ungoje. Akaenda, na wengine wakamfuata. Sisemi simu ndiyo iliyoliua banda, bila simu tungeendelea kumlilia mtu wa petroli hadi leo. Nasema tu kwamba mle ndani mtu alipokosea, alikosea mbele ya watu waliomjua, na ilimbidi asimame mbele ya haohao. Huko kwenye simu sijui anayekosea husimama wapi.

Jumamosi mchana tulikusanyika uani pale kwenye ploti kumuaga Dijei kabla mwili haujasafirishwa kwao ziwani. Viti vya plastiki, hema, nyimbo za kanisa, na maiki yake mwenyewe juu ya meza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Ibada ilikuwa inaenda vizuri mpaka gari kubwa liliposimama nje na mheshimiwa mmoja akaingia na watu wake. Uchaguzi uko njiani, na siku hizi hawakosi matanga hata ya mtu wasiyemjua. Alipewa maiki, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Akasema marehemu alikuwa nguzo, akakosea kazi aliyoifanya, akasahihishwa na mtu wake sikioni. Kisha akaingia alikokuja kuingia. Vijana wetu wanaonewa, akasema. Watu wetu wasilale. Wakati ukifika, watu wetu wajue la kufanya. Vijana kadhaa waliokuwa wamesimama kando ya ukuta walianza kupiga makofi, na nikatazama chini bila kukusudia. Viatu vyao vilikuwa vibovu.

Mama Samaki alikuwa ameketi safu ya mbele, karibu na mwenye ploti. Hakusimama. Aliuliza akiwa palepale alipokaa, kwa sauti ileile tuliyoisikia miaka yote gizani, "Wetu ni wagani?" Mheshimiwa akatabasamu, akidhani ni shangwe, akaendelea. Mwenye ploti naye akauliza, "Wetu ni wagani?" Halafu benchi la nyuma, halafu wanaume wa mjengo, uani kote, bila kelele, kama watu wanaojibu sala. Vijana wa ukutani wakaacha kupiga makofi kwa sababu hata wao walikulia mle ndani na wanalijua swali hilo, na wanajua kwamba mwenye maiki hulijibu kwanza ndipo filamu iendelee. Mheshimiwa alishika maiki akatutazama. Akasema sote ni ndugu, akasema Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema, akairudisha maiki mezani.

Basi mimi sina fundisho kubwa la kuwaachia, na nilivyochoka sitajifanya ninalo. Miezi inayokuja tutaambiwa sana habari za watu wetu, kwa spika kubwa kuliko ile ya Dijei. Ninyi mnaonisoma mna watoto, wengine wana viatu vizuri na wengine hawana. Mtu akija kwenu na neno hilo mdomoni, mwulizeni kabla hamjalia na kabla hamjapiga makofi. Mwulizeni wetu ni wagani, halafu mwulizeni petroli ni ya nani. Na ikitokea mkaiona filamu, ya lugha yoyote ile, inayomwonyesha aliyetuma akiwa ameketi palepale alipoketi, nijulisheni. Nafasi ya kwanza bado iko wazi, na kuna mama mmoja Gatwekera yuko tayari kutembea kuja kuiona.